Habari ya Watoto Wetu Walioko Vyuo Vikuu
Maneno yaliyosemwa mbele ya mitaa na walimu, Mpwapwa



Tumepewa nafasi katika sikukuu hii ya jubilei tuseme habari ya vijana wetu waliokwenda kusoma katika vyuo vikuu, na hasa vile vya ndugu zetu Walutheri, kwa kuwa huko ndiko walikokwenda wengi wa mtaa wetu. Wenzetu waliotutangulia wamewasimulia habari ya wamisionari waliopiga hema hapa Mpwapwa mwaka 1876, walipokuwa njiani kwenda Buganda kwa Kabaka Mutesa. Na habari ya Daktari Baxter aliyefika mwaka 1878. Na jinsi nyumba ya misioni ilivyochomwa moto mwaka 1889 katika vita vya Bushiri. Wamesema vizuri kuliko tuwezavyo sisi. Lakini wao wamesema habari za watu waliokwisha kulala. Sisi tumepewa habari za walio hai, nayo ni kazi ngumu zaidi, maana walio hai waweza kusimama katikati ya maneno na kusema, "Sivyo, Mwalimu, haikuwa hivyo." Akiwapo mmoja wao hapa leo, na asimame, hatutakasirika.

Zamani elimu ilikuwa karibu na nyumbani. Kabla ya vita vya kwanza vya Wazungu palikuwa na chuo pale Kongwa cha kuwafundisha walimu wa kanisa, nacho kiliitwa Huron, kwa sababu Wakristo wa Huron katika nchi ya Kanada walitoa msaada wa kukianzisha. Kijana wa Mpwapwa aliyesoma Kongwa aliweza kwenda na kurudi kwa miguu yake, na mama yake akisikia kwamba ana homa, alijitwika unga na kibuyu cha maziwa akaenda kumtazama. Hatusemi kwamba siku zile zilikuwa bora. Waliosoma walikuwa wachache mno, na watoto wa kike karibu hawakuhesabiwa. Twasema tu kwamba mtoto hakuweza kupotea pasipo watu kujua.

Kisha mambo yakapanuka. Mwaka 1961 kilifunguliwa chuo kikuu Dar es Salaam, na mwaka 1984 kile cha Sokoine kule Morogoro, vyote viwili vya Serikali. Katika miaka ya 1990 makanisa nayo yakaruhusiwa. Walutheri walikuwa na mbegu yao tayari: mwaka 1947 walikuwa wameanza shule ya thiolojia huko Lwandai katika milima ya Usambara, na mwaka 1954 wakaihamishia Makumira, chini ya mlima Meru, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Moshi. Kwa miaka zaidi ya arobaini Makumira ilifundisha wachungaji. Mwaka 1997 ikaunganishwa na chuo cha Iringa na kile cha waganga cha KCMC kule Moshi, vyote vikawa chini ya jina moja, Chuo Kikuu cha Tumaini. Tangu hapo Makumira hufundisha sheria, ualimu, hata muziki, pamoja na thiolojia yake ya kale. Mwaka 2007 wakafungua kingine Lushoto, wakakipa jina la Askofu Sebastian Kolowa, na kazi yake kubwa ikawa kufundisha walimu wa watoto wenye ulemavu. Katika jambo hilo walitutangulia sisi sote. Chuo cha Iringa kikajitegemea mwaka 2013 kwa jina la Chuo Kikuu cha Iringa.

Mtu atauliza, je, sisi Waanglikana hatuna chetu? Tunacho, kile cha Mtakatifu Yohana kule Dodoma, kilichofunguliwa mwaka 2007 mahali palipokuwa shule ya Mazengo, na watoto wetu wako huko pia. Walakini mwanafunzi huenda alikopata nafasi na somo alitakalo, wala hachagui kwa kitabu cha sala. Tena twadhani si vibaya mtoto wa nyumba moja akalala kidogo katika nyumba ya mjomba wake.

Mwaka juzi tulikwenda Iringa, sisi na mzee mmoja wa kanisa, kuwatazama waliokuwako. Tulipanda basi la alfajiri kwenda Dodoma, kisha tukashika njia ya kusini, tukapita bwawa la Mtera ambalo maji yake mzee wetu aliyatazama kwa muda mrefu bila kusema neno, akifikiri bila shaka mashamba yake ya karanga. Kisha gari likapanda mlima Nyang'oro. Tulipofika ilikuwa mwezi wa Julai. Ndugu, baridi ya Iringa mwezi wa Julai si jambo la mzaha. Tuliona watoto wetu wamevaa makoti juu ya masweta, tukawacheka, hata jua lilipotua tukaomba nasi tupewe makoti.

Tuliwakuta wanne katika chumba kimoja cha kupanga nje ya chuo, chumba ambacho wenyewe hukiita geto. Mmoja alikuwa wetu, mmoja Mnyakyusa wa Rungwe, mmoja Mchaga, na wa nne kijana Mwislamu wa Pangani. Nyuma ya mlango walibandika karatasi ya zamu: nani atapika, nani atateka maji, nani atalipa mkaa. Wa Rungwe alileta mchele, wetu alileta karanga, na yule wa Pangani alikuwa mpishi kuliko wote, hivi kwamba zamu yake wageni walizidi. Siku ya Ijumaa yeye alikwenda msikitini, siku ya Jumapili wengine wakaenda kanisani, na mchana wote wanne walikula sinia moja. Mzee wetu aliwauliza kama hawagombani kwa ajili ya dini. Wakajibu kwamba hugombana kwa ajili ya mkaa.

Habari za ibada tulitaka sana kuzijua. Kijana wetu alituambia ya kwamba Jumapili ya kwanza hakujua pa kusimama wala pa kukaa, na kitabu cha nyimbo cha Walutheri, Tumwabudu Mungu Wetu, kilikuwa kigeni mkononi mwake. Jumapili ya tatu alikuwa amekwisha kuingia kwaya. Tena upo ushirika wa wanafunzi uitwao USCF, ulio chini ya Jumuiya ya Kikristo Tanzania, ambamo Waanglikana, Walutheri, Wamoraviani na wengine husali pamoja katika vyuo vingi vya nchi hii, na humo mwana wetu alisikia siku moja mtu nyuma yake akisema, "Mbukwa!" Akageuka, akamwona msichana wa Kongwa ambaye hakupata kumwona maisha yake yote, nao wakawa kama ndugu waliozaliwa tumbo moja.

Twasema haya ili mjue ya kwamba chuo kile ni mji wenye watu wake. Pana mchungaji wa wanafunzi, pana mlezi wa wanafunzi wa kumwendea mwenye shida, pana serikali ya wanafunzi wenyewe, pana maktaba. Bima ya afya pia ipo. Kwa miaka mingi wanafunzi wa vyuo wametozwa shilingi 50,400 kwa mwaka, na aliyelipa hutibiwa. Mlango upo kwa karibu kila shida. Lakini ni lazima mwenye shida abishe hodi, na hapo ndipo penye ugumu kwa watoto wetu. Sisi tuliozaliwa katika nchi hii ya njaa za mara kwa mara tumefundishwa tangu utoto kwamba mtu hasemi njaa yake mbele ya mgeni. Ni adabu njema. Lakini tulimwuliza kijana wetu hufanya nini fedha ya mkopo ikichelewa, ile waiitayo bumu, akacheka akasema, "Twapiga pasi ndefu." Hatukuelewa. Akatueleza kwamba ni neno la mpira: hunywa chai ya asubuhi, kisha wakaruka chakula cha mchana mpaka usiku. Mzee wetu hakucheka. Usiku ule alitoa gunia zima la karanga alilokusudia kuwagawia vijana wa vyuo viwili, akaliacha lote pale.

Sasa tumefika kwenye neno lililotuleta hapa mbele yenu, nalo si la kujisifu.

Palikuwa na binti mmoja wa mtaa wetu. Jina lake hatutalitaja, ingawa yeye mwenyewe ametupa ruhusa kusimulia. Chuo alichosoma nacho hatutakitaja, kwa maana hakina kosa. Kilifuata kanuni zake kama vyuo vyote. Alikuwa wa kwanza katika kijiji chake kwenda chuo kikuu. Siku ya kumsindikiza tulipiga ngoma, tukaimba, kasisi akamwekea mikono, mama yake akauza mbuzi watano, na kanisa likatoa sadaka ya pekee. Tulimpandisha basi kama watu wanaompeleka bibi arusi. Ada ya mwaka wa kwanza ilipatikana hivyo.

Mwaka wa pili hatukutoa sadaka ya pekee. Si kwamba tulikataa. Hakuna aliyeuliza. Mwaka ule tulikuwa twaezeka kanisa kwa mabati mapya, na mvua zilikuwa chache, na kila mtu alidhani mwenzake anajua habari za binti. Yeye alikuwa ameomba mkopo wa Serikali, akakosa. Mwezi wa Februari hakuruhusiwa kuingia katika mtihani, kwa kuwa alikuwa na deni. Akafunga sanduku lake. Wala hakurudi nyumbani, maana alikumbuka ngoma zile, akaona haya. Mama yake alipopiga simu aliambiwa, "Nasoma, mama, sijambo."

Nasi kila Jumapili, katika maombi ya watu wote, tulimtaja: "Tumwombee binti yetu aliyeko chuoni, Bwana amwangazie akili yake." Tulisema hivyo toka Februari hata Agosti. Hakuna Jumapili tuliyoikosa. Yeye wakati huo alikuwa Kibaigwa, karibu na soko kubwa la mahindi, akipika ugali katika kibanda cha mama lishe. Kutoka hapa tuliposimama mpaka Kibaigwa si safari hata ya nusu siku.

Aliyemwona ni yule yule mzee wetu, aliyekwenda sokoni na mahindi yake. Aliketi kibandani, akaletewa chakula na msichana ambaye hakuinua uso. Akanawa mikono, akala. Alipokuwa akilipa alimtambua kwa sauti. Hakumkemea. Alisema tu, "Mwanangu, jana tumekuombea." Yule binti akaweka sahani chini, akalia mbele ya wachukuzi wa magunia.

Tulipokwisha kumrudisha kwa mama yake, tuliketi naye kuuliza kwa nini alikosa mkopo, naye yatima wa baba. Sasa walimu, sikieni hili vizuri, maana lawahusu ninyi na sisi. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, haitazami machozi, hutazama karatasi. Yatima hutangulizwa, lakini lazima aonyeshe cheti cha kifo cha mzazi wake. Na cheti hicho, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa, huhakikiwa na wakala wa Serikali uitwao RITA. Binti hakuwa na cheti cha kifo cha baba yake. Aliandika kwamba baba amekufa, lakini hakuwa na karatasi ya kulithibitisha neno lake. Mbele ya Bodi baba yake alikuwa mtu asiyejulikana kama yu hai au amekufa.

Tukafungua daftari la mazishi la kanisa letu. Jina la baba yake lilikuwamo, na tarehe, na mahali alipolazwa. Chini yake palikuwa na sahihi ya katekista aliyezika. Sahihi ile ilikuwa yetu, sisi tunaosema nanyi sasa. Tulimzika mtu yule, tukamfariji mjane, tukala chakula cha msiba, tukaenda zetu. Hatukumwambia mjane neno hili moja: "Mama, nenda ukaandikishe kifo hiki, upate cheti." Alipokufa baba yule, binti alikuwa darasa la tano. Hakuna aliyefikiri chuo kikuu siku ile.

Ndugu zetu makatekista, sisi ndio tuliopo kila mahali penye kifo. Daktari hayupo kila kijiji, hakimu hayupo, lakini katekista yupo, na mara nyingi ndiye ajuaye kusoma na kuandika kuliko wote waliozunguka kaburi. Kwa daftari lile, na barua ya mtendaji wa kijiji, na siku tatu za kungoja katika ofisi ya wilaya, cheti kilipatikana. Siku tatu tu! Binti alikuwa amepoteza mwaka mzima.

Aliomba tena, akapata mkopo, akarudi chuoni kuurudia mwaka wa pili. Deni la kale tulililipa kwa alizeti na karanga za sikukuu ya mavuno, na wengine wakanung'unika, maana mavuno yale yalikusudiwa mabati ya upande wa vestri. Upande ule unavuja mpaka leo, na mvua ikinyesha tunahamisha vitabu. Wazazi nao waelewe ya kwamba mkopo si zawadi. Mtoto akipata kazi hukatwa sehemu ya mshahara wake, na tangu mwaka 2016 sehemu hiyo imekuwa asilimia 15, mpaka deni liishe. Mzazi asije akamdai mtoto mshahara wote kana kwamba umeanguka kutoka mbinguni.

Wapo wazee walioteta nasi juu ya mambo haya. Walisema, "Kazi ya katekista ni roho za watu, vyeti ni kazi ya Serikali." Twawaheshimu, nao ni wazee wetu. Lakini tuliwajibu kwamba tulimwombea binti yule miezi sita kwa jina lake, na tulikuwa twamwombea mtu asiyekuwako mahali tulipomtaja. Kama tungalimpigia simu mara moja, hata kwa shilingi mia tano za vocha, maombi yetu yangalijua pa kwenda. Mzee mmoja aliyeteta zaidi ya wote alinyamaza siku nzima, kesho yake akaja kuuliza cheti cha kifo cha kaka yake hupatikana wapi.

Kwa hiyo sasa katika mtaa wetu tumefanya mambo mawili. La kwanza, hatuondoki matangani kabla ya kuwaambia wafiwa habari ya kuandikisha kifo, na mmoja wetu huwaandikia maelezo katika karatasi. Walimu wa shule za msingi na za sekondari tunawaomba watusaidie upande wao: mtoto angali darasani, mwulizeni kama ana cheti cha kuzaliwa, na aliyefiwa mwulizeni kama cheti cha kifo kipo. Msingoje mpaka kidato cha sita, wakati majina yake yameandikwa kwa namna moja katika cheti cha shule na kwa namna nyingine katika cheti cha ubatizo. Tumeona mtoto mmoja mwenye majina ya namna tatu katika karatasi tatu, na moja ya makosa yale, tusiwafiche, liliandikwa na katekista.

La pili ni daftari dogo. Kila mwanafunzi wetu aliyeko chuo kikuu, cha Walutheri au cha mtu mwingine yeyote, ameandikwa humo, na mbele ya jina lake limeandikwa jina la mtu mmoja wa kanisa, si mzazi wake, aliyeahidi kumpigia simu kila majuma mawili. Maswali ni matatu: Umekula nini leo? Unadaiwa nini? Mtihani ni lini? Tulianza na swali la kusali, lakini tuliona kwamba kwa swali hilo wote hujibu vizuri. Yule binti sasa yuko mwaka wa tatu, naye amejitwalia wawili wa kuwapigia, wadogo zake waliotoka kijiji cha pili.

Daftari hilo tumekuja nalo, liko mezani kwa kasisi, karibu na mlango. Majina yaliyomo ni kumi na moja. Kumi wamekwisha kupata watu wao. Wa kumi na moja ni kijana wa Makumira, mwaka wa kwanza, asomaye muziki, ambaye baba yake alisema muziki si somo, akakataa kumsindikiza hata kituo cha basi. Nambari yake ya simu imeandikwa humo. Kalamu ipo.